Kiolezo cha Masatu

Jumatatu, 3 Machi
Mama Wegesa, meneja wetu hapa ushirika wa pamba Musoma, ametangaza kwamba kitengo cha kompyuta kinahitaji mkuu. Kitengo tuko wawili. Mimi na Petronila. Kwa hiyo ni mimi!
Kuna mtihani mdogo. Matawi ya Bunda na Butiama yapewe kompyuta pepe, zile zinazokaa ndani ya seva yetu na kufunguliwa kwa mtandao. Unatengeneza moja, ndiyo kiolezo, halafu unaikopi. Nitengeneze mimi, Petronila akague. Akague nini?

Jumanne, 4 Machi
Petronila kasema kiolezo kianze upya, kisiwe na nywila wala akaunti ya mtu yeyote, kisha kifungwe asikiguse mtu. Anasemaga hivyo kila siku, kama anahubiri. Nikamjibu nimeelewa.
Sikuanza upya. Nimechukua kompyuta pepe ninayoitumia mwenyewe. Imeshazoea kazi! Kufika saa ya chai, Bunda wanayo, Butiama wanayo. Petronila akaja kukagua. Nikamwambia amechelewa. Uso wake!

Alhamisi, 6 Machi
Mama Wegesa kanisifu kwa kasi, mbele ya watu. Nimejipongeza kwa sato mzima pale Nyasho.
Jambo moja dogo. Ngusa, meneja wa tawi la Bunda, kanipigia. Kauliza, kwa upole wa kutisha, kama ni kweli anafanana na fahali aliyevaa tai. Maneno hayo nilimwandikia Hilda tu, rafiki yangu, WhatsApp. Msaliti! Nimemzuia kwenye simu.

Ijumaa, 7 Machi
Si Hilda. WhatsApp yangu iko wazi kwenye kila nakala. Bunda wanaisoma. Butiama wanaisoma na wanajibu! Karani wao Consolata amemwandikia shangazi yangu wa Kigera, kwa jina langu, kwamba naoa Desemba. Shangazi ameshawaambia ukoo mzima.
Mama Wegesa kaniita. Naye alikuwa amefungua nakala moja, amefika sehemu inayomhusu.
"Masatu, kumbe mimi naongeaga kama redio mbovu?"
Nikasema redio yenyewe ni nzuri. Haikusaidia.

Jumatatu, 10 Machi
Petronila ndiye mkuu. Amefuta nakala zote, ametengeneza kiolezo kisafi, amekifunga. Naruhusiwa kukikopi. Kukibadilisha, hapana. Wivu mtupu.
Lakini mchana kanijia mwenyewe. Tawi jipya la Kiriba linataka kiolezo chenye programu ya mizani, nijaribu tena, yeye atakagua. Kumbe uwezo wangu anaujua! Nimeanza upya kabisa. WhatsApp sijaigusa. Mtu anajifunza.
Programu ya mizani ilikuwa kwenye barua pepe yangu, nikaifungua humohumo kwenye kiolezo kuichukua. Kompyuta ikaniuliza kama ningependa inikumbuke, mimi na nywila yangu. Swali la heshima! Ofisi nzima leo hakuna aliyenisalimia.
Nikabonyeza ndiyo.