Nani Atashuka Kwenye Njia ya Saruji

Jumatatu, 8 Agosti 1988

Leo nimesimama nusu saa nzima juu ya saruji, nazi arobaini keriani, na sikushuka. Ushindi! Au karibu.

Njia hii mpya imejengwa juu ya bomba la maji, kando ya mkono wa bahari, kutoka huku kwetu Mishomoroni hadi Kongowea. Laini kama kiganja cha bibi harusi. Haina lori, haina vumbi. Upande mmoja mikoko, upande wa pili minazi. Ila upana wake ni wa baiskeli moja. Mimi kila asubuhi napeleka nazi sokoni Kongowea. Gershom Kahindi kila asubuhi anatoka Kongowea na kreti za mikate. Tunakutana katikati. Lazima mmoja ashuke matopeni, mwenziwe apite.

Mimi nina miaka kumi na mitano katika kazi hii. Gershom ana miwili, na baiskeli ya gia. Nikamwambia ashuke kwa heshima ya umri. Akanijibu, kwa adabu inayoudhi, kwamba nazi ikianguka matopeni huoshwa, mkate je? Nusu saa. Mwishowe akaja ng'ombe. Tukashuka sote wawili.

Jumanne, 9 Agosti

Siku ya tatu hii tunazuiana, mikate inaishia njiani, na Mishomoroni inakunywa chai bila mkate. Watu wamenuna. Mwalimu Florence, katibu wa kamati ya mtaa, katuita mimi na Gershom na kutoa hukumu: Jumamosi alasiri tushindane, bila mizigo, kutoka msikiti mdogo hadi kibanda cha mikate Kongowea. Mmoja ataondoka saa tisa na nusu, wa pili saa kumi. Yeye atakuwa Kongowea na saa yake. Atakayeshindwa atashuka matopeni daima.

Daima! Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Mke wangu Mwanatabu kauliza kama nimewahi kuiona baiskeli ya Gershom ikikimbia. Nimemjibu kwamba akili haihitaji gia. Maneno mazuri. Nayaandika yasipotee.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimepata! Pale kwenye mikoko njia inabonyea. Bamvua likija, maji huifunika. Nimemuuliza mvuvi, kasema Jumamosi maji yatajaa saa kumi na nusu. Basi hesabu ni rahisi: wa kwanza atapita pakavu, wa pili ataogelea.

Zamu itaamuliwa kwa vikaratasi. Nimejitolea kuvikata mimi mwenyewe. Mwalimu Florence kanishukuru kwa moyo wangu wa kusaidia. Kile cha "wa kwanza" nimekitia tone moja la mafuta ya nazi. Vidole vyangu vitakitambua hata nikifumbwa macho.

Ijumaa, 12 Agosti

Joto la leo! Mafuta yametambaa. Vikaratasi vyote viwili vimelowa kama sambusa. Nimevipapasa mpaka Mwalimu Florence kauliza kama navisoma kwa mikono. Nikachomoa kimoja.

Wa pili.

Gershom kaniona nilivyosawijika. Kasema kama napenda kutangulia tubadilishane tu, yeye kwake sawa. Nikahisi mtego. Nikakataa papo hapo! Mtu hanichezei mimi kirahisi hivyo.

Nimefika nyumbani ndipo nikaelewa nilichokifanya. Sikula.

Jumamosi, 13 Agosti

Lazima niandike kabla ya kulala.

Saa kumi kasoro dakika moja. Niko msikitini, mguu juu ya pedali, kalima mdomoni. Mara Bi Mwanasaumu mkunga anakuja mbio, kanga kiunoni, mkoba wa kazi kwapani. Mwanamke wa mwili, mashallah. Kasema Kache, mke wa Randu muuza vitunguu, ameshikwa na uchungu kule Kongowea, na barabara kuu imezibwa na lori lililopinduka.

"Ishaka mwanangu, nipakie."

Nikamwambia, shikamoo Bi, lakini niko kwenye mashindano.

"Marahaba. Na mtoto naye yuko mashindanoni, tena hana baiskeli."

Alikuwa ameshakaa keriani. Tairi likaguna. Kijana wa kamati akashusha bendera. Twende!

Ee Mola, uzito ule! Nilichochea pedali kwa miguu, kwa tumbo, kwa majina ya mababu zangu. Mita mia za kwanza tulipitwa na bata. Nikaona maisha yangu yote yaliyobaki nikiwa matopeni, nikimpisha Gershom. Nikataka kulia. Halafu Bi Mwanasaumu akasema taratibu, si kwa kunifokea, kwamba mtoto wa kwanza wa Kache alikufa kwa sababu mkunga alichelewa.

Baada ya hapo sikufikiria tena Gershom. Wallahi sikumfikiria.

Tukafika kwenye mikoko. Maji tupu! Njia haionekani. Nilishika breki.

"Usisimame! Njia hii naipita kila siku kwa miguu. Kulia kidogo. Hapo hapo. Nyoosha!"

Nikanyoosha. Maji yakaruka hadi magotini, mwani ukajisokota kwenye mnyororo, lakini baiskeli haikuteleza hata kidogo. Uzito wa Bi Mwanasaumu uliligandisha gurudumu la nyuma kwenye saruji kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Tukatoka ng'ambo. Kongowea watu wanashangilia, Mwalimu Florence anapunga mkono, nami nataka kusimama nishangiliwe. Nikapigwa ngumi ya mgongo. Tukapita moja kwa moja hadi kwa Randu.

Bi Mwanasaumu alinawa mikono, akaingia. Hata jasho langu halijakauka, mtoto akalia. Wa kike. Sauti kama king'ora cha bandarini.

Nami nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu.

Jumapili, 14 Agosti

Matokeo. Mimi: dakika ishirini na mbili. Gershom: ishirini na saba! Maji yalikuwa yameanza kupanda mapema. Kumbe mvuvi alitaja saa ya kujaa pomoni. Mimi ni mtu wa nazi, si wa samaki. Tairi nyembamba za Gershom ziliteleza majini, akaingia matopeni hadi kifuani.

Mtaa mzima unasema niliacha mashindano kwa ajili ya roho ya mtu. Sikuwasahihisha. Randu kaniletea gunia la vitunguu. Mwanatabu kanitazama sana, kisha kanipikia biriani.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimekutana na Gershom katikati ya njia. Kashuka matopeni kabla sijapiga kengele, kreti kichwani, kasema, "Pita, kaka Ishaka." Bila kinyongo. Nimepita polepole ili nifaidi.

Jumatano, 17 Agosti

Nimekaa nikatafakari ushindi wangu. Hakuna la bahati hapo. Yote yalitokana na mpango: kuchagua siku, kupima maji, kukataa kubadilishana zamu. Mwanatabu kacheka hadi kaweka sinia chini. Wanawake hawaelewi mikakati.

Alasiri Gershom kanialika kesho tucheze bao barazani kwao, tuwe marafiki. Kumbe ni bingwa wa bao tangu utotoni. Mimi sijui bao. Nimekubali. Nimeshona mfuko wa siri ndani ya mkono wa kanzu. Zinaingia kete kumi na mbili.