Kamati ya Kuchunguza Avindora

Wananchi wote wa kata ya Kabutaigi wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, jina la Avindora limesimamishwa kwa muda usiojulikana ili kupisha uchunguzi.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo la Mtendaji wa Kata, Bwana Melkiory, na lilikuwa na mihuri mitatu, maana wa kwanza ulitoka hafifu na wa pili kichwa chini. Jamani, hali ilikuwa mbaya. Muuguzi wa kliniki akiita "Avindora!" wanasimama akina mama kumi na mmoja. Jina lenyewe ni la malkia wa tamthilia ya majoka, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Melkiory aliifahamu, lakini kikazi tu. Kila Jumamosi jioni aliisimamia sebuleni kwake akiwa na sahani ya senene, na Jumapili baada ya misa akasimamia marudio.

Akaunda kamati: yeye mwenyekiti, Mackrine wa ofisini katibu, na Ukasha, mwenye duka la vifaa vya sola, awakilishe sekta binafsi. Kigezo kikawa kimoja. Kila Avindora awe na mzee aliyempa jina, kama desturi inavyotaka, na mzee huyo aje aeleze maana yake. Bila mzee hakuna barua ya Mtendaji, na bila barua hakuna cheti cha kuzaliwa. Siku ya kikao Melkiory alijiona mtu mzito kweli kweli.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Kemirembe, aliyeolewa hapo akitokea Nyakatuntu, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Mzee wa jina yuko wapi?"

"Waitu, Mheshimiwa wangu, naomba barua kwanza. Mtoto ana mguu uliopinda, Alhamisi anafanyiwa operesheni Bukoba. Bila cheti hawampokei. Hii ni mara ya tatu nakuja."

"Utaratibu, mama! Baba mkwe wako yuko wapi?"

"Alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Mume wangu yuko machimboni Geita."

"Basi jina halina mzee. Katibu, andika: limeokotwa."

"Halikuokotwa!" Kemirembe akapandisha sauti. "Nilipewa na wewe!"

Mackrine akaacha kuandika.

"Mimi? Lini?"

"Mtoto akiwa na siku nne. Nilikuja kwako Jumamosi nikakuomba jina, kwa kuwa wewe ndiye mtu mzima wa jirani. Ulikuwa unatazama runinga. Ukasema, 'Mwite Avindora, mwanamke asiyeinamia joka.' Ukawa unalia."

"Sikulia."

"Ulilia, ndugu yangu," alisema Ukasha kwa upole. "Nilikuwepo, nilikuja kutengeneza betri, ukanikataza kuzima hata dakika moja. Na wale wenzake kumi walikuwa wamejaa mkekani wakitazama. Waliposikia, wakajua jina limetoka serikalini."

Melkiory akapekua makaratasi akitafuta kifungu cha kumsaidia. Hakukipata. Aibu ikampanda hadi masikioni. Halafu akauona mguu wa mtoto ukichungulia kwenye kitenge, na hapo aliona aibu ya kweli. Akasaini barua.

"Na maana ya jina, Mwenyekiti?" aliuliza Mackrine. "Lazima iingie kwenye muhtasari."

Melkiory akaahidi maelezo mafupi. Alianza na asili ya ufalme, akapitia vita vya milimani, na alipofika pale malkia anapovua taji ili watoto wa adui wapate maji, ikabidi Ukasha amwazime leso.

Kemirembe alipiga goti nusu, akaikunja barua.

"Kwetu anayetoa jina ndiye babu," alisema. "Alhamisi gari la Bukoba linatoka saa kumi na moja alfajiri. Utampakata wewe."

Akafungua mlango. Akina mama kumi waliokuwa kwenye foleni, ambao walisikia kila kitu dirishani, wakasimama na watoto wao.

"Shikamoo, Babu!"

"Marahaba," akaitikia Melkiory, kwa sababu Mackrine alikuwa bado anaandika muhtasari.