Aliyekaa Nyuma ya Twiga

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya tisa bila mke. Yuko bondeni kwa mama yake, na watoto wote wawili. Kisa: Twiga, pikapu yangu, alishindwa kusimama akaingia moja kwa moja kwenye uzio wa mama mkwe. Uzio wenyewe ulishaoza! Hilo hakuna anayelitaja.

Ni kweli nilimwinua Twiga inchi sita na kumvika matairi makubwa. Wananionea wivu tu. Mke amesema atarudi siku gari litakaposimama pale ninapoliambia lisimame. Shemeji, kaka yake, amejitolea kumrudisha kwa kile kigari chake kinachoburuza tumbo. Thubutu! Nitafunga breki kubwa na Jumapili nitamfuata mke wangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Kwa fundi. Amelala chini ya Twiga akiguna. Diski za breki za mbele ni ndogo mno kwa matairi haya, nikanunue kubwa. Sawa. Halafu kuna vali ya breki nyuma, yenye mkono mdogo wa chuma ulioungwa na ekseli. Bodi ya nyuma ikibeba mzigo hushuka, mkono unapanda, na vali inaziachia breki za nyuma zishike kwa nguvu. Bodi ikiwa tupu, inazibania. Nilipoinua gari mkono ukaning'inia, kwa hiyo vali inaamini siku zote kwamba hatujabeba kitu. Miezi minne naendesha kwa breki za mbele tu! Na vali yenyewe imekufa kwa kutu. Akanituma yadi ya vyuma chakavu.

Jumatano, 5 Juni

Vali ya gari langu iko moja tu yadi nzima, kwenye pikapu iliyofunikwa turubai kule mwisho. Mama mwenye yadi hakutaka kuiuza. Alisema mwenye gari alikuwa mzee aliyembeba mkewe nyuma kila siku, kwa sababu mke huyo aliogopa kukaa mbele. Akitaka gari lisimame, aligonga paa la kebini mara tatu. Siku moja mteremkoni, kwenye kona, aligonga, na mzee alikuwa na haraka.

Sikungoja mwisho, nilishamwachia pesa na kuanza kufungua boliti. Wakati naondoka aliniuliza kama nyumbani nina mto wa kukalia. Watu wa biashara hawakosi kitu cha kukuuzia.

Alhamisi, 6 Juni

Diski mpya, zinang'aa! Mipira mirefu ya mafuta ya breki. Tumetoa upepo kwenye mipira, mimi nikikanyaga, fundi akifungua. Halafu akaurekebisha mkono wa vali. Ukapanda wenyewe. Akaushusha. Ukapanda tena.

Akasema vali inadai kuna mzigo. Nikasema bodi ni tupu. Akasema anaona. Akapima springi za nyuma kwa vidole: zimeshuka vidole vitatu. Akapanda kuchungulia kwenye bodi, akashuka haraka kuliko alivyopanda, na akafunga gereji saa nane mchana. Uvivu wa mafundi! Breki, hata hivyo, safi kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua asubuhi. Bodi yote imelowa, isipokuwa sehemu moja nyuma ya kebini, upana wa mtu mmoja aliyekaa. Mbele yake, alama mbili kavu za visigino. Nikamwaga ndoo nzima ya maji. Maji yalifika pale, yakapita pembeni. Bila shaka ni rangi mbovu. Yule mpaka rangi atanitambua.

Nikaenda kujaribu breki mteremkoni. Kabla ya kona, paa likagongwa. Mara tatu, polepole, kama mtu mstaarabu anayebisha hodi. Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta. Pedali ya breki ikashuka yenyewe. Nikaiangalia ikishuka. Twiga akasimama kimya.

Kwenye kona, katikati ya barabara, alisimama mbuzi. Nikasema asante kwa sauti. Sijui nilimwambia nani.

Jumapili, 9 Juni

Ushindi! Nimesimama shibiri moja kutoka kwenye uzio mpya. Mama mkwe alilipima pengo kwa kiganja. Shemeji alikodoa macho.

Mke alizunguka gari, akatazama nyuma, akaamkia: "Shikamoo, mama." Nikamuuliza anamwamkia nani. Akasema nisimletee mzaha, nimembeba mtu mzima juu ya chuma kitupu bila hata kitu cha kukalia. Akaenda ndani akaleta mto, akauweka palepale pakavu.

Kurudi, tulipoikaribia kona, paa likagongwa. Pedali ikashuka. Tumesimama tu, lori la mbao likatokea likishuka upande wetu, dereva ameshika usukani kwa mikono miwili na breki hana. Lilipita jino na ulimi. Watoto hawakulia, ndivyo nilivyojua wameogopa. Mke aligeukia kioo cha nyuma akasema asante, mama. Niliogopa sana. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumatano, 12 Juni

Mke yuko nyumbani, nyumba imekuwa nyumba. Ila Twiga amekuwa mzito. Kila kona tunagongewa, kila kona tunasimama. Leo shemeji amenipita na kigari chake, akapiga honi! Jumamosi wote tunakwenda kula kwa mama mkwe. Shemeji ametangaza kwamba atafika wa kwanza, na kwamba atatuachia mifupa.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepata dawa. Nimemwinua Twiga inchi nne zaidi. Fundi akasema lazima aurekebishe tena mkono wa vali, la sivyo vali itaamini bodi ni tupu. Nikamwambia ndivyo hasa ninavyotaka! Akanieleza upya, taratibu, kama anamweleza mtoto, kwamba breki za nyuma hazitashika. Kisha akaandika kwenye karatasi kwamba ameniambia, akanitaka nitie sahihi. Nikatia.

Mvua jioni. Bodi imelowa yote, kila pembe. Springi zimenyooka. Twiga mwepesi! Mke ameuliza mto uko wapi. Nimesema umefuliwa. Nimeukalia mimi, unanifaa sana kwa kuonea mbele.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika kwenye usukani. Mke na watoto wameshapanda, mikanda imefungwa. Tumechelewa kwa sababu mtu amegonga mlango wa nyumba mara tatu. Nimekwenda kufungua, hakuna mtu. Mke ananiangalia.

Manyunyu yanaendelea. Ua wote umelowa, isipokuwa mbele ya tairi la kulia, sehemu kavu, upana wa mtu mmoja aliyekaa. Haidhuru, nitarudi nyuma kidogo nipite kando. Shemeji ameshatangulia. Pale kwenye kona ndipo nitakapompita.