Vumbi la Mirihi Ukumbini

Jumatatu, 9 Septemba
Nimekasirika! Mkuu wa shule, Sista Ursula, kaamua: atakayefundisha vizuri mbele ya wazazi Jumamosi ndiye mwalimu mpya wa taaluma. Mada: hali ya hewa ya sayari nyingine. Mimi, Kassian, nimefundisha jiografia hapa Songea miaka kumi na tisa. Mpinzani wangu? Fortunata wa fizikia! Kaja juzi kutoka Tanga, hata baridi yetu ya Juni hajaionja. Kachagua mawingu ya Mirihi. Mimi nimechukua vumbi. Sayari nzima ni vumbi!

Jumatano, 11 Septemba
Fortunata kanifuata ofisini. Shikamoo ya adabu. Kasema tuungane, maana barafu ya mawingu yale hujishika kwenye chembe za vumbi. Ukieleza kimoja bila kingine unapotosha. Nilimjibu kwamba alizaliwa mwaka niliomaliza kidato cha nne. Hakununa hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi!

Alhamisi, 12 Septemba
Mpango: dhoruba ya kweli. Debe zima la vumbi jekundu, nimelichekecha mwenyewe. Feni ya kanisani. Fundi Yohanes kashauri niifanyie ndani ya kisanduku cha kioo. Nikamwambia Mirihi haina kisanduku.

Jumamosi, 14 Septemba
Aibu! Nimewasha feni, debe lote likapanda. Wazazi wanakohoa. Sista Ursula mwekundu kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatuni. Mimi mwenyewe sionekani.
Fortunata akafungua dirisha moja tu. Jua likaingia. Akasema kwa upole, “Wazazi wangu, tazameni mwali huu. Kila chembe inanyonya joto la jua. Vumbi likitanda Mirihi, hewa ya juu hupata joto, ardhi chini hupoa mchana. Hewa ikishapata joto, mawingu ya barafu hupungua.”
Makofi! Kwa vumbi LANGU!

Jumatatu, 16 Septemba
Kapewa taaluma. Tena kaniombea nisiandikiwe barua ya onyo. Eti bila mimi asingeeleweka. Huruma yake inachoma kuliko barua.
Nimefagia ukumbi peke yangu, nikitafuta kosa langu. Nimelipata: nilichagua sayari isiyofaa! Mahafali ni mwezi ujao. Nitafundisha Zuhura. Mawingu yake ni ya asidi ya salfuriki. Nimemwomba Iddi wa maabara chupa mbili. Kauliza mara tatu kama nina uhakika.
Watu hawa hawapendi sayansi!