Sikio la Kikundi

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nimedanganya watu ishirini na wawili kabla ya chai.

Kila asubuhi mwenyekiti wetu, yule msusi mwenye saluni ya kona, huuliza swali lilelile kwenye grupu la simu: unasikiliza nini sasa hivi? Wapenzi wa muziki ishirini na watatu tunajibu. Kanuni ni moja. Taja wimbo, halafu taja mambo matatu uliyoyasikia ndani yake. Mimi ndiye mfalme wa hayo mambo matatu. Ndiyo maana wananiita Sikio. Mtaani ni fundi makochi tu, lakini kwenye grupu nina cheo.

Tatizo: sisikii.

Sikio la kushoto liligoma wiki mbili zilizopita. La kulia limelifuata jana, bila hata kuaga. Kila kitu kinanifikia kama kinatoka nyuma ya godoro. Nyundo yangu mwenyewe, kimya. Leo nimejibu kwa kumbukumbu, wimbo wa ujana wangu ninaoujua mpaka pale mpiga tarumbeta anapovuta pumzi. Wakaniwekea makopa mekundu kumi na moja, yale ya kupenda. Lakini Fundi Saa, yule bingwa wa kutafuta makosa ya wenzake, kaandika kwamba hii ni mara ya tano naleta za kale, je, mpya siziwezi? Watu wakamwekea makopa naye. Manne! Najua na walioweka.

Baba yangu aliacha kusikia akiwa na miaka hamsini na miwili. Mimi nina hamsini na mmoja. Naogopa. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Basi, nimeandika hapa, yatosha.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango! Mama mkwe. Yuko kwetu kwa wiki mbili, na masikio yake yananasa hadi ugomvi wa nyumba ya tatu. Sauti yake nayo ndiyo pekee inayonipenya akinisogelea. Nikamwomba, kwa adabu zote, anisaidie utafiti: watu wazima wanasikia nini katika nyimbo za siku hizi? Nikamwekea wimbo mpya. Akasikiliza amekunja uso. Akasema anasikia watu wanagombana, vyombo vinaanguka, na kuna mmoja kati yao anaumwa, apelekwe hospitali.

Nikaandika kwenye grupu kwamba ninasikia sauti zinazogombania nafasi, ngoma zinazodondoka bila kuomba ruhusa, na katikati yake mwimbaji mwenye maumivu ya kweli.

Makopa kumi na tisa! Mwenyekiti kasema ameusikiliza upya akalia. Fundi Saa hakupata kosa. Nimelala mchana kwa raha.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe kagoma. Anasema utafiti hauendi bure. Kile kiti chake cha mikono alichokiacha kwetu, nilichoahidi kukivisha kitambaa kipya tangu mwaka juzi, kivishwe kwanza. Nimekibeba hadi karakana. Kochi la mteja likasubiri.

Mchana nikajitibu. Mafuta ya uvuguvugu, kisha pamba. Kisha pamba nyingine juu yake, kwa uhakika. Sasa hata kile kidogo nilichokuwa nasikia kimekwenda, isipokuwa sauti ya mama mkwe.

Nyumbani natumia mbinu ya ndiyo. Midomo ya mke wangu ikicheza, nasema ndiyo. Inafanya kazi vizuri mno. Jioni kanikumbatia, machozi yakimlengalenga, akaenda kumpigia dada yake simu. Nikajisifu. Baadaye nikaona nguo za mama mkwe zimetolewa kwenye begi na kupangwa kabatini. Kabati langu! Mama mkwe akanisogelea akanishukuru: kumbe nimekubali akae hadi mwisho wa mwaka.

Alhamisi, 6 Machi

Maji yamezidi unga. Jumamosi kuna mkutano saluni kwa mwenyekiti. Kila mtu analeta anachosikiliza, kinapigwa kwenye spika kubwa, na jaji mmoja anachagua wimbo wa mwezi. Jaji ni mimi. Aliyenipendekeza? Fundi Saa! Kaandika kwamba hakuna sikio kama la Sikio. Nimeusoma ujumbe huo mara sita nikitafuta sumu. Sikuiona, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Nikikataa wataniuliza kwa nini. Nikikubali nimekwisha. Nimekubali.

Ijumaa, 7 Machi

Mbao husikia! Nimeegemeza spika yangu ndogo kwenye fremu ya kile kiti, nikakaa, nikaegemea. Besi ikanigusa kiunoni, ngoma mabegani. Gitaa haligusi popote, lakini gitaa nitalikisia. Nikajaribu pia kuiuma spika, na nakuambia meno husikia kuliko mgongo. Mara mteja wa kochi yuko mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alisema kitu kirefu. Nikasema ndiyo, spika ikiwa mdomoni. Ameondoka kwa kasi.

Mpango: kesho naenda na kiti hiki, nakiita kiti cha jaji, nakisukuma mpaka kigusane na spika kubwa. Nani atajua? Mama mkwe kasema kiti chake hakitoki bila yeye. Haya, na aje.

Jumamosi, 8 Machi

Loo! Taratibu, niandike kwa mpangilio.

Kiti kilipendeza. Kitambaa cha kijani, vifungo vya shaba. Walipiga makofi, niliyaona. Nikakaa, mgongo kwenye spika. Mama mkwe akasimama pembeni amenuna kwa kunyang'anywa kiti chake. Wimbo wa mwenyekiti ukanipanda uti wa mgongo vizuri tu, nikausifu mwendo. Wa muuza magazeti ukanitikisa hadi mafigo, nikasema huu ni mzito. Vichwa vikaitikia! Nikaanza hata kujivuna.

Ikafika zamu ya Fundi Saa. Akabonyeza simu yake. Mimi nikafumba macho, kijaji jaji. Nikangoja. Kiunoni, hakuna. Mabegani, hakuna. Nikajiambia, mjanja huyu, kaleta wimbo usio na ngoma, kanitega. Nitegwe mimi? Nikatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeguswa. Nikaanza kunena. Nikasema huu ndio ukomavu, huyu anajua mahali pa kunyamaza, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikasema gitaa hili halipigwi, linapumua. Nikasema, ndugu zangu, wimbo wa mwezi ndio huu. Nikafuta na chozi.

Nikafumbua macho. Feni imesimama. Taa za kwenye vioo zimezimika. Umeme ulikatika palepale alipobonyeza, na wimbo haukuwahi kuanza. Saluni nzima inanitazama midomo wazi. Fundi Saa hakucheka. Alionekana tu hajui ameshindaje.

Ndipo mama mkwe akapaza ile sauti yake. Akatangaza kwamba mkwe wake hasikii kitu, kwamba maneno mazuri ya Jumanne yalitoka masikioni mwake yeye, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hayo niliyasikia, pamba na vyote.

Wakacheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akashikilia mashine ya kukaushia nywele asianguke. Nilitamani ardhi ipasuke. Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia saluni. Nikakiri yote, hata habari ya baba na miaka yake hamsini na miwili. Hapo kicheko kikakoma.

Fundi Saa akanijia. Nilidhani anakuja kunikebehi. Akanishika sikio, akanigeuzia mlangoni penye mwanga, akavaa kile kioo chake cha jicho moja anachotazamia matumbo ya saa, akachungulia. Kushoto. Kulia. Kushoto tena, kwa muda mrefu. Akaomba karatasi. Akaandika kwamba kwa anavyoona hakujaharibika kitu, kumezibwa, na kuna pamba. Niende zahanati, na nisiguse chochote. Chini ya nisiguse alipiga mistari mitatu.

Jumapili, 9 Machi

Zahanati imefungwa leo.

Mke wangu hajakasirikia masikio. Ameandika nyuma ya bahasha kwamba tuna miaka ishirini na sita ya ndoa, na habari za ugonjwa wangu amezipata kwa muuza magazeti. Sikuthubutu kusema ndiyo. Kisha akavuta kiti, akakaa nami mchana kutwa, mkono wake juu ya wangu. Alisema mambo mengine, nikamwangalia tu midomo.

Fundi Saa si daktari. Kama amekosea je? Baba alikuwa anakaa mbele ya redio na kiganja juu yake, jioni zote, na sisi tulikuwa tunamcheka.

Jumatatu, 10 Machi

NASIKIA!

Muuguzi, mama mmoja mwenye mikono ya haraka, alitumia maji ya uvuguvugu na bomba nene la plastiki. Sikio la kushoto: pamba, pamba ya pili, na kipande cha nta kikubwa kama haragwe. La kulia: nta, na kipande cha sponji ya makochi. Sponji yangu mwenyewe! Akavipanga vyote kwenye kibakuli, akaniuliza kama nilikuwa nafungua duka humo. Na nikamsikia! Nikasikia na feni ya darini, na mtu akikohoa nje, na viatu vyangu mwenyewe sakafuni. Akasimama nyuma yangu akaninong'oneza namba, moja baada ya nyingine, kushoto na kulia. Sikukosa hata moja. Akasema masikio mazima kabisa, nikome tu kuyatia vitu. Nikalia mbele yake bila aibu. Akanipa karatasi ya kufutia, akaita anayefuata.

Nimerudi nyumbani mbio. Mke wangu alikuwa jikoni anaosha vyombo na anaimba. Mungu wangu, anavyoimba vibaya! Ubeti wa pili ameusahau, kaweka wake. Nikasimama mlangoni nikamsikiliza mpaka mwisho, na roho yangu ikatulia tuli. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Nimeapa. Uongo basi! Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka nimejaa wema. Nikafungua grupu. Nakuta nini? Fundi Saa sasa anaitwa Daktari. Nikavumilia, ni haki yake, nikamwekea na kopa. Halafu nikaona mama mkwe ameingizwa kwenye grupu. Tangu jana! Kaandika kwamba yeye anasikiliza bomba la maji linalovuja uani kwetu, na kwamba linashika mdundo kuliko vijana wote wa siku hizi. Makopa ishirini na mawili! Na mwenyekiti kamjibu: asante sana, Sikio.

Sikio! Anakalia kiti nilichokivisha mimi, kwenye sebule yangu, nguo zake kwenye kabati langu, na sasa cheo changu!

Likaja swali: unasikiliza nini sasa hivi? Nilitaka kusema kweli. Wallahi nilitaka. Vidole vikatangulia. Nimeandika kwamba kwa sasa sisikilizi nyimbo za watu, nasikiliza wangu mwenyewe, ninaoutunga kwa gitaa. Makopa ishirini na matatu! La mama mkwe limo. Mwenyekiti ameniomba niupige Jumamosi, saluni, mbele ya wote, na Daktari anakuja na mkewe.

Sina gitaa. Sijawahi hata kulishika. Lakini nimetulia kabisa, maana nimekaa nikapiga hesabu: gitaa lina nyuzi sita tu, na mimi nina vidole kumi.