Sumaku Kumi na Mbili, Mayai Sitini

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimemaliza! Sumaku kumi na mbili za spika mbovu, nimezibandika kwa gundi kwenye rimu ya baiskeli. Koili tatu za waya wa shaba, nimezisuka mwenyewe mpaka vidole vimechubuka. Rimu ikizunguka, sumaku zinapita mbele ya koili, umeme unazaliwa. Pedali ni za kuiamsha mashine tu. Ikishakolea itajizungusha yenyewe. Wataalamu wanalijua hili, wanatuficha.

Haraka ina sababu. Gari la matangazo limepita: Ijumaa umeme unakatwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, wanabadilisha nguzo. Na mke wangu ana mayai sitini kwenye sanduku la kutotolea vifaranga, yanapashwa joto na taa. Zimebaki siku sita tu vifaranga watoke. Mara ya mwisho umeme ulipokatika, mayai arobaini yaliharibika yote. Aliyafukia nyuma ya nyumba, na siku mbili hakuongea na mtu. Sitaki kuiona tena sura ile.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mumewe yupo. Akauliza kama nitakuwepo kama nilivyokuwepo kwenye ile pampu ya maji. Nimekwenda kukaza nati za rimu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Jaribio la kwanza. Nimekanyaga pedali mpaka shati likalowa. Mita ikasoma kitu kidogo cha kutia aibu.

Wakati huohuo nani anaingia? Shemeji! Mdogo wa mke wangu, fundi umeme mwenye cheti, na cheti chenyewe amekitundika sebuleni kwake. Kabeba betri kubwa na inveta, eti dada yake azitumie Ijumaa. Akaitazama mashine yangu nusu dakika, akasema kwa heshima zote kwamba koili ya tatu imesukwa kinyume, inakula wanachozalisha wenzake.

Ni kweli. Simu iliita katikati ya kazi, nikabadilisha mkono. Nikamwambia nilishaliona hilo, nilikuwa nampima. Kisha nikamwambia betri yake irudi ilikotoka, nyumba hii ina mwanamume. Mke wangu akaitazama betri, akanitazama mimi. Nilimsindikiza shemeji mpaka getini kuhakikisha ameondoka nayo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Koili nimeisuka upya. Volti arobaini! Arobaini! Nikamwita jirani yangu kinyozi aje ashuhudie. Gurudumu linazunguka kama pia, ukiligusa tu linaondoka.

Nikaunganisha balbu ya pikipiki. Lo! Pedali zikawa nzito, kama kuna mtu amelishika gurudumu. Nikashuka kuangalia. Hakuna mtu. Mita ikaanguka hadi volti sita, balbu ikawa nyekundunyekundu kama jicho la mlevi. Nikaitoa balbu: pedali nyepesi. Nikairudisha: nzito. Mara nane! Nikaanza kujiuliza shemeji aligusa nini jana.

Kinyozi akauliza kama si jambo la kawaida, maana hata mkokoteni mtupu ni mwepesi mpaka upakiwe. Nimemwambia abaki na nywele zake.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Sikulala, nilikuwa nafikiri. Nikapata jibu: balbu moja inalemewa. Mzigo wa wengi ni mwepesi, kila mtu anajua. Nikaweka balbu mbili ili zisaidiane. Pedali zikawa nzito maradufu. Nikaweka tatu. Goti likalia ko! Mnyororo ukakatika.

Mke wangu alinikanda goti kwa maji ya moto. Akasema taratibu kwamba zimebaki saa chache, na kama ningependa angeweza kumpigia mdogo wake. Nikasema hapana, nimeshatengeneza mnyororo, asubuhi nitaanza na balbu moja. Akasema sawa. Hakubisha hata kidogo! Mwanamke akisema sawa upesi hivyo, ujue amekuamini.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Saa mbili kamili, umeme kwisha. Mashine ipo barazani, waya nimeupitisha dirishani hadi chumba cha mayai. Mke wangu akasema ataunganisha mwenyewe, nisije nikafungua mlango nikapoteza joto.

Nikapanda. Nikakanyaga. Nyepesi! Nikachungulia dirishani: taa ya sanduku inawaka, nyeupe, haitetereki. Hatimaye! Machozi yalinitoka, nikasingizia jasho.

Nimekanyaga saa nne mfululizo. Kinyozi alikuja kunishangaa na wateja wawili, mmoja amenyolewa nusu. Mke wangu aliniletea maji mara tatu. Alikuwa anauma midomo, bila shaka kwa hisia.

Saa sita goti likakaza, nikaanguka na baiskeli. Hapo roho iliniuma kwelikweli. Niliirudisha betri kwa kiburi changu, na sasa mke wangu anakwenda kufukia mayai mengine. Nikajiburuta hadi dirishani niyatazame maafa yangu.

Taa inawaka! Gurudumu limesimama tuli, na taa inawaka! Imekolea! Mpaka saa kumi sikuzigusa pedali. Nililala barazani kama mfalme.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Vifaranga hamsini na watatu! Nyumba nzima inalia pii pii. Mke wangu aliniwekea mmoja kiganjani, akacheka mpaka akashika ukuta. Miaka mingi sijamwona akicheka vile. Nikamwambia: umeona mashine?

Akanikalisha chini. Akasema betri ya mdogo wake ilirudi Alhamisi jioni kupitia mlango wa uani, na ndiyo iliyowasha taa siku nzima. Waya wangu hakuuunganisha popote, aliuviringisha kwenye kitasa cha mlango ili watu wasijikwae. Shemeji alikuwepo, kaja kuchukua betri yake. Akatazama dari.

Sikukasirika. Vifaranga wamepona, mke wangu anacheka, shemeji naye ana dada yake wa kumfurahisha. Lakini nimekaa nikatafakari, na wao hawakuliona jambo lililo wazi kabisa. Kwenye balbu, pedali nzito. Kwenye kitasa, nyepesi saa nne nzima! Siku zote hizi nilikuwa nakosea mahali pa kufunga waya.

Jumatano namfungia kinyozi mashine ya kwake. Nimemwambia atafute kitasa kizuri cha chuma.