Kiuno cha Mwenyekiti

Tangazo lilibandikwa kwenye kila mlango wa Idara ya Uainishaji wa Sauti, hata ule wa choo: kuanzia siku hiyo, hakuna mwimbaji atakayehama kutoka muziki mmoja kwenda mwingine bila kibali. Mwenyekiti wa Kamati ya Kuhamahama Kimuziki aliliandika mwenyewe, akalisoma mara tatu, akajipongeza kimyakimya.

Wa kwanza kunaswa alikuwa mama mmoja wa makamo, aliyesajiliwa miaka ishirini kama mwimbaji wa nyimbo za kiasili, gitaa kavu, daraja la utulivu. Albamu yake mpya ilikuwa na gitaa la umeme, besi, na mpiga dramu asiye na huruma. Onyesho lilikuwa keshokutwa. Bila kibali, asingepanda jukwaani.

Alipotakiwa kujieleza, hakumumunya maneno. Mama yake mzazi, alisema, masikio yamechoka. Gitaa kavu halimfikii tena.

"Dramu anaisikia kwa nyayo," alisema. "Nami siwezi kuimba mama yangu asinisikie."

Mwenyekiti alikohoa. Alimfafanulia, kwa upole wa kiofisi, kwamba fomu haina nafasi ya mama. Alikwisha kuamua kumnyima kibali, ila utaratibu ulitaka albamu isikilizwe kwanza. Akawakumbusha wajumbe kifungu alichokitunga yeye: atakayetikisika wakati wa kusikiliza amepoteza utulivu wa kiofisi, na ataachia kiti papo hapo.

Wajumbe wote wanne wakakaa kama magunia ya saruji. Kufikia wimbo wa pili walikuwa wamesinzia, jambo lililowasaidia sana. Wimbo wa tatu ulipopamba moto, Mwenyekiti alimwagiza mwandishi wa kumbukumbu asome alichoandika, ili shauri lifungwe.

Mwandishi alisoma bila kuinua macho. Saa nne na dakika saba, Mwenyekiti, kidole gumba. Saa nne na dakika tisa, Mwenyekiti, bega. Saa nne na robo, Mwenyekiti, kiuno.

"Kiuno?"

"Kidogo, mheshimiwa. Lakini kwa bidii."

Mwenyekiti akajicheka moyoni: kisima amekichimba mwenyewe, tena kwa nakala tatu. Akasimama. Kwa kuwa mtumishi pekee aliyekuwa macho ni mwandishi, kiti kikawa chake, na muhuri ukagonga kibali kabla Mwenyekiti hajamaliza kukusanya kalamu zake.

Akatoka, akaketi kwenye benchi la waombaji, mahali ambapo hakuwahi kukaa maishani. Kando yake alikuwa bibi kizee, peku, macho kayafumba. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuzima muziki. Sakafu ya korido ilikuwa ikinguruma.

"Vua viatu, mwanangu," bibi alimwambia, kwa sauti kubwa ya asiyesikia. "Ukivaa hupati kitu."

Mwenyekiti alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama kufungua kamba.